Mnyama na Jibu Lake: Historia ya Utafiti wa Mgawanyiko wa Awali wa Kiinitete na Funzo Lake kwa Sera za Sayansi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya utafiti wa namna yai lililorutubishwa linavyogawanyika katika makundi mbalimbali ya wanyama, kuanzia mifuo iliyoelezwa kwenye yai la chura mwaka 1824 hadi sheria za utafiti wa viinitete vya binadamu mwishoni mwa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba mabishano makubwa ya taaluma hiyo yalitokana, kwa sehemu kubwa, na uchaguzi wa mnyama. Kila mtafiti alipata jibu lililokuwa sahihi kwa mnyama aliyekuwa mezani pake, kisha akalitangaza kuwa kanuni ya wanyama wote. Ni ulinganishi wa makundi mengi uliotenganisha kanuni na desturi ya kundi moja. Makala inahitimisha kwamba sera inayojengwa juu ya ushahidi wa mnyama mmoja haina budi kuuliza kwanza ni mnyama gani, na kwa nini aliteuliwa yeye.

1. Utangulizi

Kila mnyama anayezaliwa kwa kurutubishwa kwa yai huanza akiwa seli moja. Seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, nne, nane, na kuendelea, na katika hatua hizo za mwanzo kiinitete kwa kawaida hakikui kwa ukubwa. Yai kubwa hukatwakatwa tu kuwa seli ndogondogo. Tendo hilo ni la wanyama wote wa namna hiyo, lakini namna ya kulitenda hutofautiana mno.

Tofauti iliyo wazi kuliko zote hutokana na kiasi cha akiba ya chakula ndani ya yai, ile ambayo katika yai la kuku huonekana kama sehemu ya njano. Ekinoidi, yaani wanyama wa mviringo wenye miiba wanaoishi kwenye miamba ya bahari, wana akiba ndogo iliyotawanyika, na yai lao hupasuka lote kwa vipande ambavyo mwanzoni hulingana. Yai la chura lina akiba nyingi upande wa chini, hivyo mfuo hukawia kupita huko na seli za chini huwa kubwa kuliko za juu. Katika yai la ndege, akiba ni kubwa kiasi kwamba mgawanyiko hufanyika kwenye kisahani kidogo tu kilicho juu yake. Katika nzi mdogo wa matunda, viini vya seli hugawanyika mara 13 bila kuta za seli kujengwa, hadi viini 6,000 hivi viwe ndani ya chumba kimoja.

Kasi nayo hutofautiana. Chura wa maabara hukamilisha mgawanyiko wa kwanza kwa takribani saa moja na nusu, na inayofuata kwa kila nusu saa hivi. Kiinitete cha binadamu huchukua takribani siku nzima kufikia seli mbili. Mtafiti aliyekaa mbele ya yai la chura na yule aliyekaa mbele ya yai la mamalia walikuwa, kwa hakika, wakitazama saa mbili tofauti. Swali la kihistoria ni hili: taaluma iliyokabiliwa na utofauti wa namna hiyo iliwezaje kufikia kanuni za jumla, na ilipotea njia wapi?

2. Kutoka mfuo hadi seli, 1824–1855

Mwaka 1824 Jean-Louis Prévost na Jean-Baptiste Dumas walieleza kwa utaratibu mifuo inayojitokeza kwenye yai la chura baada ya kurutubishwa. Chura alichaguliwa kwa sababu za kawaida kabisa: mayai yake ni mengi, ni makubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, na hukua nje ya mwili wa mama. Miaka kumi baadaye, Karl Ernst von Baer alionyesha kwamba mifuo hiyo haikuwa mikunjo ya juujuu, bali ilipenya na kuligawa yai lote.

Nadharia ya seli ilipotangazwa na Matthias Schleiden na Theodor Schwann mwaka 1838 na 1839, swali jipya liliibuka. Je, vipande vya yai ni seli? Schwann aliamini kwamba seli mpya huweza kujijenga kutoka katika umajimaji usio na seli, mithili ya fuwele zinavyojitenga ndani ya maji ya chumvi. Aliyepinga kwa ushahidi wa viinitete alikuwa Robert Remak wa Berlin. Kwa kuyakaza mayai ya chura kwa kemikali ili kuta zake zionekane, alifuatilia mgawanyiko kutoka yai hadi tishu, na kufikia mwaka 1855 alikuwa ameonyesha kwamba kila seli ya kiinitete hutokana na seli iliyoitangulia.

Kanuni hiyo inakumbukwa zaidi kwa jina la Rudolf Virchow, aliyeieneza katika tiba. Remak, aliyekuwa Myahudi na aliyekataa kubadili dini, hakupewa uprofesa kamili katika Prussia. Suala la nani anaruhusiwa kusimama mbele ya hadubini, na kwa hadhi gani, lilikuwapo katika taaluma hii tangu mwanzo. Litarejea katika sehemu ya tano.

3. Vituo vya baharini na ukoo wa seli

Hadi miaka ya 1870, chura na kuku walitawala utafiti wa viinitete. Mabadiliko yaliletwa na taasisi. Mwaka 1872 Anton Dohrn alianzisha kituo cha utafiti wa wanyama wa bahari mjini Naples, Italia. Ubunifu wake ulikuwa wa kiutawala kuliko wa kibiolojia: serikali, vyuo vikuu na jumuiya za kisayansi zilikodi meza kwa mwaka, na mtafiti waliyemtuma alikuta meza, kemikali, maktaba na wanyama hai waliovuliwa asubuhi ileile. Mwaka 1888 kituo chenye madhumuni kama hayo kilifunguliwa Woods Hole, katika pwani ya mashariki ya Marekani, chini ya uongozi wa Charles Otis Whitman.

Whitman alikuwa amechapisha mwaka 1878 uchunguzi wa ruba, akifuatilia seli moja moja tangu yai na kuonyesha kila moja inazalisha sehemu gani ya mwili. Utaratibu huo ukaitwa ukoo wa seli. Mwaka 1892 Edmund Beecher Wilson alichapisha ukoo wa seli wa Nereis, mnyoo wa baharini mwenye pingili. Wakati huohuo Edwin Grant Conklin alikuwa akifuatilia Crepidula, konokono wa baharini, katika kazi aliyoichapisha kwa ukamilifu mwaka 1897.

Walipolinganisha michoro yao waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mnyoo na konokono, ambao wakiwa wazima hawana mfanano, hugawanya mayai yao kwa mpangilio uleule. Katika mgawanyiko wa tatu, seli nne ndogo hukaa juu ya seli nne kubwa kwa mshazari, zikiegemea mianya iliyo kati yao, na kila mzunguko unaofuata hugeuza upande. Aidha, katika wanyama wote wawili, seli ileile ya mfuatano uleule ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya tishu za kati za mwili. Mgawanyiko huo wa msokoto ukawa ushahidi wa undugu wa kale kati ya makundi mawili makubwa, na kanuni ya uhusiano wao ilisomwa katika seli 64 za kwanza kabla haijathibitishwa kwa njia za kijenetiki karne moja baadaye.

Hata hivyo, Frank Lillie alitoa tahadhari mwaka 1895. Katika kome wa maji baridi wa jenasi Unio, ukubwa wa baadhi ya seli za mwanzo ulikwenda kinyume na wenzake wa kundi lilelile, kwa sababu lava wake ana mahitaji ya pekee. Kumbe mgawanyiko wa awali hubeba mambo mawili kwa pamoja: urithi wa ukoo na mahitaji ya maisha ya mnyama husika. Anayetazama mnyama mmoja hana njia ya kuyatenganisha.

4. Sindano ya Roux na mtikiso wa Driesch

Tatizo la kuwa na mnyama mmoja lilidhihirika zaidi pale uchunguzi ulipogeuka kuwa jaribio. Mwaka 1888 Wilhelm Roux alichapisha matokeo ya kuchoma kwa sindano ya moto seli moja kati ya mbili za kiinitete cha chura. Seli iliyosalia iliendelea kukua na kutoa nusu ya kiinitete. Roux alihitimisha kwamba yai ni kama mozaiki: kila mgawanyiko hutenga vipande ambavyo hatima yake imekwisha kuamuliwa. Mfaransa Laurent Chabry alikuwa amepata matokeo yanayoelekea huko mwaka 1887 kwa askidia, wanyama wa baharini wafananao na vifuko vilivyojishikiza miambani.

Mwaka 1891 Hans Driesch alijaribu swali hilohilo kwa ekinoidi. Hakuchoma. Alivitikisa viinitete vya seli mbili ndani ya chupa ya maji ya bahari hadi seli zikaachana. Kila seli ilianza kugawanyika kama nusu, lakini baadaye ilijifunga na kutoa lava kamili, ingawa mdogo. Kwa Driesch, mashine inayoweza kukatwa vipande na kila kipande kikawa mashine nzima haikuwa mashine. Hatimaye aliiacha maabara na kuingia katika falsafa, akidai kwamba uhai unaongozwa na nguvu isiyo ya kimaada.

Wote wawili waliona kweli, na wote wawili walivuka mipaka ya walichokiona. Mwaka 1895 Thomas Hunt Morgan alirudia jaribio la Roux na kuonyesha kwamba seli hai ya chura, ikigeuzwa juu chini baada ya mwenzake kuuawa, huweza kutoa kiinitete kizima. Mwaka 1910 J. F. McClendon aliiondoa kabisa seli moja badala ya kuiacha imekufa mahali pake, na iliyosalia ikatoa kiluwiluwi kamili. Nusu ya Roux ilisababishwa kwa sehemu na maiti ya seli iliyokuwa imeachwa ubavuni mwa ile iliyo hai.

Kwa upande mwingine, mozaiki haikuwa ndoto. Mwaka 1905 Conklin alieleza askidia ambaye yai lake lina maeneo ya rangi yanayoonekana waziwazi, na seli zinazorithi eneo la njano ndizo zinazojenga misuli ya mkia. Hapo hatima hugawiwa mapema. Jawabu la ugomvi, basi, halikuwa kumchagua mshindi. Wanyama hutofautiana katika lini na kwa njia gani hatima ya seli inaamuliwa: wengine kwa kugawa vitu vilivyomo ndani ya yai, wengine kwa mawasiliano kati ya seli, na wengi kwa njia zote mbili. Hata mnyoo mdogo wa udongoni Caenorhabditis elegans, ambaye ukoo wake wote wa seli ulikamilishwa na John Sulston na wenzake mwaka 1983 na ambaye hugawanyika kwa mpangilio usiobadilika, alikuja kuonekana kuwa na seli zinazopeana maagizo. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba seli mbili za mwanzo za mnyoo huyo zikibadilishana nafasi, hubadilishana pia hatima.

5. Ernest Everett Just na mlango wa maabara

Historia hii haikamiliki bila Ernest Everett Just, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Charleston mwaka 1883. Kuanzia mwaka 1909 alikwenda Woods Hole kila msimu wa joto kama msaidizi na kisha mwenza wa Lillie. Mwaka 1912 alionyesha kwamba katika yai la Nereis, mgawanyiko wa kwanza hupita mahali mbegu ya kiume ilipoingilia, popote pale itakapoingilia. Mpaka wa kwanza wa mwili, kwa hiyo, haukuwa umechorwa tayari ndani ya yai.

Just alisisitiza jambo ambalo wenzake wengi walilipuuza: hali ya yai lenyewe. Yai lililokaa kwenye maji ya vuguvugu au kwenye chombo kichafu hutoa matokeo ya yai linalougua, na mtafiti huyaita kanuni. Umahiri wake wa kuyatunza mayai ulitafutwa na wengi Woods Hole, lakini vyuo vikuu vikubwa vya Marekani havikumpa nafasi kwa sababu ya rangi yake. Alibaki Howard, chuo cha Weusi mjini Washington, chenye mzigo mkubwa wa kufundisha na fedha haba za utafiti. Kuanzia mwaka 1929 alitafuta uhuru wa kazi Naples, Berlin na Ufaransa. Kitabu chake kikuu, kuhusu biolojia ya uso wa seli, kilitoka mwaka 1939. Mwaka 1940 alizuiliwa na Wajerumani nchini Ufaransa, akarejea Marekani, na akafariki mwaka 1941.

Hasara hapa inapimika kwa maswali yaliyokawia. Wazo la Just kwamba uso wa yai hushiriki katika kuongoza ukuaji lilisubiri miongo kadhaa kupewa uzito. Kama ilivyokuwa kwa Remak, taasisi iliyomfungia mtu mlango ilijifungia pia swali lake.

6. Kutoka baharini hadi kliniki

Mwaka 1959 Andrzej Tarkowski wa Poland aliharibu seli moja kati ya mbili za kiinitete cha panya, tendo lilelile la Roux, na kutoka seli iliyosalia wakazaliwa panya wazima. Mamalia walikuwa upande wa Driesch. Tarehe 25 Julai 1978 Louise Brown alizaliwa Uingereza, mtu wa kwanza kuzaliwa baada ya yai kurutubishwa nje ya mwili, kutokana na kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Kilichokuwa mjadala wa wataalamu wa ruba na konokono kikawa suala la bunge.

Kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa ripoti mwaka 1984, ikipendekeza kwamba kiinitete cha binadamu kisihifadhiwe maabara zaidi ya siku 14, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 ikaufanya mpaka huo kuwa wa lazima. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiembriolojia. Karibu na siku hiyo hutokea mstari wa kwanza wa mwili, na kabla yake kiinitete kimoja bado kinaweza kujigawa kuwa pacha. Ile hali ya seli kutokuwa na hatima moja, iliyogunduliwa kwa kutikisa chupa mwaka 1891, ikawa nguzo ya sheria.

Lakini ni mnyama gani anayemfundisha mtunga sheria kuhusu binadamu? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa panya, kwa kuwa ni mamalia, ni mdogo, na huzaa haraka. Mwaka 1988 ilibainika kwamba jeni za kiinitete cha binadamu huanza kufanya kazi kati ya hatua ya seli nne na nane, ilhali za panya huanza kwenye seli mbili. Aidha, Theodor Boveri alikuwa ameeleza tangu miaka ya 1880 kwamba mbegu ya kiume huleta ndani ya yai chombo kidogo kinachopanga nyuzi za mgawanyiko wa kwanza. Panya hafuati utaratibu huo, kwani chombo hicho hakitoki kwa baba. Binadamu huufuata. Katika jambo hili, ambalo lina maana kwa ugumba wa wanaume, mnyama wa mbali wa baharini alimweleza binadamu vizuri kuliko jamaa yake wa karibu.

Mfano wa pili unathibitisha hoja hiyo. Mwaka 1982 Tim Hunt, akiwa Woods Hole, aliona kwamba katika mayai ya ekinoidi protini moja huongezeka kisha hutoweka ghafla katika kila mgawanyiko. Protini za kundi hilo, saikilini, zilipatikana baadaye katika vyura, hamira na binadamu, na zikawa msingi wa kuelewa namna seli za saratani zinavyogawanyika bila kikomo. Hunt alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kanuni ilianzia kwa ekinoidi, lakini ikawa kanuni pale tu ilipopimwa kwa wengine.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa inatoa mafunzo matatu. Kwanza, madai ya jumla yaliyojengwa juu ya mnyama mmoja yalianguka mara kwa mara, si kwa sababu uchunguzi ulikuwa dhaifu, bali kwa sababu mipaka yake haikutajwa. Mshauri wa sera anayeletewa ushahidi wa usalama wa dawa kwa mjamzito, wa mbinu ya uzazi, au wa uzalishaji wa mifugo, ana haki ya kuuliza mnyama aliyepimwa anafanana na mlengwa katika hatua ipi, na anaachana naye wapi. Huduma za kurutubisha mayai nje ya mwili zinatolewa tayari Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, hivyo swali hilo si la nchi za mbali pekee.

Pili, maendeleo makubwa hayakuletwa na vifaa ghali. Yaliletwa na taasisi zilizowaweka watafiti karibu na wanyama wengi walio hai, kwa mpango wa kugawana gharama. Pwani ya Afrika Mashariki ina ekinoidi, askidia na minyoo ya baharini kwa wingi, na ina taasisi kama Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyopo Mombasa. Mfumo wa meza wa Dohrn, ambapo nchi zisizo na pwani nazo zingelipia nafasi za watafiti wao, ni kielelezo kinachoweza kuigwa na Uganda, Rwanda na Burundi bila kujenga maabara mpya.

Tatu, maisha ya Remak na Just yanaonyesha kwamba kuwatenga watu ni kuyatenga maswali. Taaluma iliyohitaji wanyama wengi ili kuipata kanuni ilihitaji pia watazamaji wengi. Anayepanga bajeti ya utafiti hupanga, pamoja na fedha, ni wanyama gani watakaotazamwa na ni macho ya nani yatakayowatazama.